Albamu ilipokewaje? Namna ya kuchambua maoni, kwa mfano wa Monster ya R.E.M.

Ukitaka kujua albamu ya bendi kongwe ilipokewaje, alama ziache kwanza, anza na tarehe. Monster, albamu ya tisa ya R.E.M., ilitoka Septemba 1994. Miaka miwili nyuma bendi hiyo ya roki mbadala ilikuwa imetoa Automatic for the People, kazi tulivu yenye fidla na nyimbo za huzuni. Sasa magitaa ya Peter Buck yakaja na makelele, na sauti ya Michael Stipe ikazamishwa humo. Mhakiki wa mwaka ule alikuwa anapima umbali kati ya albamu mbili, na mara nyingi nyimbo zenyewe zilifuata baadaye.

Chora jedwali la safu tano: tarehe, jarida, alama, albamu iliyotumika kulinganishia, na sababu kwa sentensi moja. Mapitio kumi na mawili hivi yanatosha kuanzia. Mhakiki akilalamika kwamba bendi "imebadilika" bila kutaja wimbo, ala wala mstari, safu ya tano iache tupu. Safu hiyo ikibaki wazi kwa zaidi ya nusu ya mapitio, ulichokusanya ni matarajio ya watu. Habari za albamu bado hujazipata.

Kubadili alama ni hesabu ndogo: nyota za tano zidisha kwa 20, alama za kumi zidisha kwa 10. Mtego uko kwenye nyota tatu. Hizo huwa 60, na kwa kipimo cha Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, 60 bado ni maoni mchanganyiko, ilhali kwa wahakiki wengi nyota tatu maana yake ni albamu nzuri tu, isiyo ya ajabu. Tovuti hiyo pia huyapa majarida uzito tofauti bila kuutangaza. Kwa hiyo panga alama zako kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati, halafu andika pembeni ya chini kabisa na ya juu kabisa. Wastani wa 60 unaotokana na 30 na 90 ni ugomvi, si uvuguvugu.

Mauzo nayo yasikudanganye. Monster ilishika namba moja Marekani na Uingereza, na Marekani pekee ikapata platinamu mara nne, yaani cheti cha nakala milioni nne zilizopelekwa madukani. Baadaye ikapata sifa ya kujaa kwenye rafu za diski za mitumba. Mashabiki hununua wiki ya kwanza kabla hawajasikiliza vya kutosha, kwa imani waliyoipata kwenye albamu iliyotangulia. Tazama inavyoshuka wiki ya pili na ya tatu. Hapo ndipo msikilizaji anapoanza kusema.

Kosa linalowanasa hata wazoefu ni kuchanganya matoleo. Mwaka 2019 prodyuza Scott Litt, aliyeitengeneza Monster pamoja na bendi, aliimiksi upya, yaani alipanga upya uwiano wa sauti na ala, na kuileta sauti ya Stipe mbele. Sikiliza kwa spika za masikioni "Let Me In", wimbo wa kumkumbuka Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana: katika miksi ya 1994 gitaa la mkwaruzo linaifunika sauti. Sifa za 2019 zikihusu miksi mpya, ziwekee jedwali lake. Zikisifu makelele yale yale yaliyolaumiwa 1994, hapo ladha ndiyo iliyogeuka.

Maneno ya wanamuziki wenyewe yapewe mstari wa peke yake. Around the Sun ya 2004 ilifika namba moja Uingereza, lakini Buck alikuja kusema kwamba bendi inasikika kama watu waliochoshwa na nyimbo zao. Ni ushahidi mzuri kuhusu hali ya studio. Usiuhesabu kama uhakiki: msikilizaji hakuwemo studio, na kilichomfikia ni diski tu.