Namna ya kufunga mipira ya maji kwenye redyusa ya gesi ya gari

Papa mmoja aliniletea Noah yake hapa Goma, zile za zamani zenye moteri chini ya viti vya mbele. Mfumo wa gesi ulikuwa umeshafungwa kwingine. Kila akivuka Sake na kuanza kupanda kuelekea Masisi, moteri inakohoa, kisha inazimika. Alikuwa ameshanunua plagi mpya na filta mpya ya gesi. Niliponyanyua kiti nilikuta redyusa, kile kifaa kinachopokea gesi kutoka kwenye tangi, imevaa barafu nyeupe kama katoni ya samaki wa tomsoni iliyotoka sasa hivi kwenye friza. Gesi yake haikuwa na kosa. Maji ya moto hayakuwa yanafika.

Gesi ya LPG hukaa kwenye tangi ikiwa kimiminika, na ndani ya redyusa ndimo inamogeuka mvuke. Kugeuka huko kunanyonya joto jingi: gari likichoma kilo 10 za gesi kwa saa, redyusa inahitaji joto la kilowati 1 hivi, sawa na pasi ya umeme iliyowashwa bila kuzimwa. Joto hilo linatoka kwenye maji ya moteri. Likikosekana, kiwambo cha mpira ndani ya redyusa kinakakamaa, na gesi inapita ikiwa bado kimiminika. (Wateja huniuliza kama ni ile gesi ya Ziwa Kivu. Hapana. Ile ni methani, na hii ni propani na butani.)

Hatua ya 1: Mahali pa redyusa. Ifunge kwenye bodi ya gari, usiifunge kwenye moteri inayotikisika. Iwe chini kuliko mfuniko wa rejeta au kopo la akiba la maji. Ukiiweka juu ya hapo, hewa itakusanyika ndani yake na hakuna utakachofanya kuitoa.

Hatua ya 2: Tafuta mipira ya hita. Ni miwili, inaingia kwenye ukuta ulio kati ya moteri na abiria. Fungua hita yote, washa moteri ikiwa baridi, uiguse. Unaoanza kupata moto ndio unaopeleka maji, unatoka kwenye kichwa cha silinda. Wa pili unarudi kwenye pampu ya maji. Weka alama kwa chaki. Usichukue maji kwenye mpira mkubwa wa juu wa rejeta, maana hapo hayapiti mpaka thamostati ifunguke, na wewe unataka joto mapema.

Hatua ya 3: Amua njia ya maji. Hapa ndipo Noah ya papa ilipoharibiwa. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata mpira mmoja wa hita na kuipitisha redyusa katikati, maji yote yapite humo. Ni rahisi, tena inafanya kazi vizuri kwenye gari ambalo maji ya hita hayafungwi kamwe. Lakini magari mengi ya zamani yana valvu ya hita. Shofere akisikia joto anasukuma kitasa kwenye baridi, valvu inafunga, na redyusa inakufa njaa pamoja na hita. Papa alikuwa anafunga hita kila mchana.

Njia ya pili, ambayo mimi naifuata karibu kila mara, ni viungo viwili vya T: kimoja kwenye mpira wa kupeleka, kabla ya valvu, kingine kwenye mpira wa kurudi. Hita ikifungwa au ikifunguliwa, redyusa ina njia yake.

Hatua ya 4: Vifaa. Nunua mpira wa hita wenye nyuzi ndani, wa kipimo cha mdomo wa redyusa, mara nyingi milimita 16. Mpira wa esansi (petroli) au wa bustani hautakubali joto hilo. Viungo vya T viwe vya shaba. Vya plastiki vinauzwa bei ndogo huko Birere, ila nimeshaokota vipande vyake mara nyingi mno. Kolye za kukazia ziwe mpya.

Hatua ya 5: Kata na unganisha. Moteri iwe imepoa kabisa. Kinga maji kwa beseni na uyaondoe mara moja: kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya kupoza moteri, ina utamu na ni sumu, na kwenye parseli zetu watoto na mbuzi wanapita. Kata kwa kisu kikali, mkato ulionyooka. Ukitaka mpira uteleze, ulowanishe kwa kulanti, kamwe si kwa oili, maana oili inaulainisha mpira huo na kuuvimbisha. Uingize sentimita 2.5 hadi 3, ukivuka kile kivimbe cha mdomo, kisha kolye ikae nyuma ya kivimbe.

Kati ya moteri na bodi acha mpira ulegee kidogo, kwa sababu moteri inacheza. Barabara zetu za mawe ya volkano hazisamehi: mpira unaogusa chuma leo utatoboka baada ya miezi michache. Uweke mbali na ekzosi na mikanda. Pa kukunja sana tumia kiwiko.

Hatua ya 6: Jaza na utoe hewa. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Maji ya ziwa yana chumvi nyingi, yanaacha ukoko kwenye vijia vyembamba vya redyusa. Mfuniko wa rejeta uwe mzima, uliopimwa shinikizo la baa 0.9 au 1.1 kama wa kiwandani: kwa mwinuko wetu wa mita 1,500 maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu na nyuzi 95.

Egesha gari pua ikitazama juu, fungua hita yote, jaza polepole. Kabla ya kuwasha moteri, legeza mpira wa juu wa redyusa mpaka maji yatoke bila povu, kisha kaza. Washa, subiri feni iwake na kuzimika mara mbili, ongeza maji kwenye kopo.

Hatua ya 7: Pima kwa esansi kwanza. Gesi iwe imefungwa. Mipira yote miwili ya redyusa lazima iwe ya moto, wa kurudi ukiwa na joto dogo zaidi. Wa kupeleka ukiwa moto na wa kurudi baridi, kuna hewa au kizibo. Rudi hatua ya 6. Funga hita, gusa tena. Noah ya papa, baada ya viungo vya T, ilibaki moto hivyo hivyo.

Endesha siku mbili tatu, kisha kaza kolye upya moteri ikiwa baridi, kwa kuwa mpira mpya unasinyaa ukishapata joto. Ndipo ufungue gesi. Ukiona baadaye mapovu kwenye kopo la maji, usikimbilie kufungua kichwa cha silinda: funga gesi, tembeza kwa esansi. Mapovu yakikoma, kiwambo cha redyusa kimepasuka.