Namna ya Kumlisha Mtu Anayeacha Pombe
Anayekunywa tembo au gongo kila siku asiachishwe ghafla nyumbani, kwani katika siku tatu za mwanzo anaweza kupatwa na degedege au kuweweseka. Apelekwe kwanza hospitali. Hilo halina mjadala.

Baada ya hapo ndipo jiko lina kazi yake. Pombe huudhoofisha ukuta wa utumbo na kuwavuruga bakteria waishio humo, hata sumu zao zikapenya kwenye damu na kuamsha kinga ya mwili kwa namna inayouathiri ubongo. Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji walionesha kwamba wagonjwa waliokuwa na utumbo unaovuja ndio waliobaki na huzuni, wasiwasi na hamu kubwa zaidi ya kunywa, hata baada ya wiki tatu bila pombe.

Basi ukienda sokoni Chake Chake, nunua kunde, choroko, mchicha na majimbi, kwa kuwa nyuzinyuzi zake ndizo chakula cha bakteria hao. Anza na kiasi kidogo, maana tumbo lisilozoea kunde hujaa gesi upesi. Mtindi usiotiwa sukari unafaa pia, ingawa, kwa maoni yangu, haustahili kuitwa dawa.