Somo: Kutoa dainamo na kufunga alteneta kwenye trekta la zamani

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja. Ikishaanza, kila mtu anataka kulimiwa siku zilezile, na trekta hulima hadi usiku, taa zikiwaka. Hapo dainamo ya zamani, inayochaji betri, huzidiwa. Lucas C40, dainamo ya Massey Ferguson nyingi za miaka ya 1960, hutoa takriban ampia 22 injini ikiwa kwenye kasi. Kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma polepole bila kukanyaga mafuta, haitoi karibu chochote. Alteneta ya kawaida ya volti 12, ampia 45, inatosha kabisa.

1. Tazama ni nguzo gani ya betri imefungwa kwenye bodi. Matrekta mengi ya Uingereza ya zamani yana chanya kwenye bodi, lakini alteneta inataka hasi. Ukikosea hapa, dayodi (vipitisha umeme vya upande mmoja ndani ya alteneta) zinaungua papo hapo, kwa hiyo usifanye haraka. Geuza betri, kisha geuza waya za geji ya ampia. Stata iache kama ilivyo, itazunguka upande uleule. Kwa injini ya petroli, geuza na waya za koili: wa funguo kwenye alama ya +, wa distribyuta kwenye alama ya –.

2. Fungua waya za betri, toa dainamo na kataoti (kisanduku kinachodhibiti chaji ya dainamo). Kataoti haina kazi tena, maana rejuleta, kidhibiti cha volti, imo ndani ya alteneta. Waya zilizokuwa kwenye alama A na A1 za kataoti ziunganishe pamoja, la sivyo funguo na taa havitapata umeme. F na E zifunge kwa tepu.

3. Funga alteneta, puli zake zikae mstari mmoja. Mkanda ukiubonyeza katikati ushuke kama sentimita moja.

4. Kutoka B+, nguzo ya alteneta inayotoa umeme, vuta waya mnene, milimita za mraba 6 au zaidi, hadi nguzo ya stata inayopokea waya wa betri. Usiupitishe kwenye geji ya zamani. Nyingi huishia ampia 30.

5. Waya mwembamba wa taa ya chaji, uliokuwa kwenye D ya kataoti, upeleke D+ ya alteneta.

Rudisha betri, washa, pima kwenye nguzo zake. Volti 13.8 hadi 14.4 ndizo tunazozitaka.

MASWALI

Fundi, yangu haichaji mpaka nikanyage mafuta sana.
Taa ya chaji imeungua, au umeweka ya LED. Umeme unaopita kwenye balbu ndio unaoamsha alteneta. Weka balbu ya kawaida, wati 2.2 au zaidi kidogo.

Habari mkuu. Nina Massey Ferguson 35 ya petroli hapa Kongwa. Nikizima funguo injini inaendelea kunguruma!
Aliyefunga aliruka balbu, akaunganisha D+ moja kwa moja na funguo. Umeme unarudi hadi kwenye koili. Rudisha balbu katikati. Wa dizeli hawakutani na hili, kwani kwao kinachozima ni kivuta cha mafuta.

Naweza kuchomelea jembe likiwa limefungwa kwenye trekta?
Ni bora ulishushe. Isipowezekana, fungua betri na waya zote za alteneta kwanza, na kibanio cha bodi cha mashine ya kuchomelea kishike jembe lenyewe, karibu na unapochomelea.

Nikishawasha, naweza kuitoa betri niiazimishe trekta jingine?
Usiitoe injini ikiwa inanguruma. Volti zitapanda ghafla na kuua rejuleta. Zima kwanza.