Namna ya kupata miaka katika masimulizi ya wazee
Unaporekodi historia ya kijiji, usimuulize mzee jambo fulani lilitokea mwaka gani, kwani huenda akakutajia mwaka wowote ili kukuridhisha. Muulize kama lilitangulia au lilifuata matukio yenye tarehe zinazojulikana, kama vile Uhuru wa Tanganyika wa 1961, Azimio la Arusha la 1967, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 au Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979. Ikiwa watu walihamishwa, fuatana naye hadi kwenye mahame yenyewe, maana akiuona mwembe wa babu yake ataanza kutaja majirani ambao asingewakumbuka akiwa barazani. Rekodi isibaki kwenye simu pekee, na iambatane na tarehe, ukoo wa msimulizi na idhini yake.