Unanunua nyumba? Jinsi ya kupata dalali anayekufanyia kazi wewe, sio muuzaji

Nyumba ya tatu tuliyoenda kuangalia ndo ilinifanya nielewe dalali analipwa kwa ajili ya nini. Nyumba ilikuwa nzuri kweli, rangi mpya, dirisha kubwa sebuleni, mi na mke wangu tulishaanza kupanga makochi yatakaa wapi. Dalali wetu, mama mmoja mtu mzima asiyeongea sana, hakukaa hata sebuleni, alipitiliza mpaka chumba cha kulala kilichopakana na bafu, akasogeza kabati kidogo, akaweka mgongo wa mkono ukutani, akaniita. "Baba, hebu shika hapa." Nikashika, ukuta wa baridi, umelowa, na rangi imeanza kuvimba vipele vipele. Akaenda bafuni akafungua bomba zote kwa pamoja na kuvuta maji ya choo, maji yakakata yakabaki yanatoka kama uzi. Ndo akamuuliza yule wa upande wa muuzaji, rangi mmepaka lini? Wiki mbili zilizopita. Na mmepaka nyumba nzima au ukuta huu tu? Kimya.

Tulipotoka akasema, "Hii msichukue wanangu." Hapo kumbuka angetuacha tununue, angepata kamisheni yake mwezi ule ule.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema dalali wa nini wakati nyumba zote ziko kwenye simu, namwelewa, ila kuonyeshwa nyumba ndo sehemu ndogo kabisa ya kazi. Picha utaziona mwenyewe, ila hazitakwambia nyumba imekaa sokoni miezi mingapi, imeshashushwa bei mara ngapi, kwa nini mnunuzi wa kwanza alijitoa, na nyumba ya jirani iliuzwa kwa bei gani kweli kweli. Hapo kwenye bei watu wengi ndo wanapigwa. Bei inayotangazwa ni bei muuzaji anayoitamani, bei ya soko ni ile ambayo nyumba zinazofanana na hiyo, eneo hilo hilo, zimeuzwa miezi ya karibuni. Dalali mzuri anakuletea hizo zilizouzwa, tatu nne hivi, mnazilinganisha ukubwa wa kiwanja, vyumba, umri wa nyumba na hali yake, ndo mnajua mtaje ngapi. Asiyeweza kukupa hata mfano mmoja wa nyumba iliyouzwa, ujue anakisia kama wewe tu.

Sasa unampataje. Usichukue wa kwanza aliyepokea simu, na hasa usichukue yule ambaye namba yake iko kwenye bango la nyumba yenyewe, huyo ameajiriwa na muuzaji, kazi yake ni kumpatia muuzaji hela nyingi iwezekanavyo, hata akikuchekea vipi. Ongea na watatu na uwaulize maswali yale yale: mwaka huu umeuza nyumba ngapi eneo hili, wanunuzi wangapi kati yao ulikuwa upande wao, una leseni au usajili kama sheria ya hapo inataka, na naweza kuongea na wateja wako wawili wa karibuni? Halafu mwulize hili moja, nyumba ya mwisho uliyomwambia mteja asinunue ilikuwa na shida gani? Anayefanya kazi kwa moyo atakujibu hapo hapo tena na maelezo, mwingine ataanza kuzunguka zunguka.

Swali la kuwakilisha pande mbili usiliruke. Kuna madalali wanaochukua kamisheni kwa muuzaji na kwa mnunuzi kwenye nyumba moja, sehemu nyingine ni halali kabisa mradi wote mmejulishwa na mmekubali, ila mi ningekataa. Mtu mmoja hawezi kupandisha bei na kuishusha kwa wakati mmoja. Na kuna ule mchezo wa cha juu, muuzaji anataka kiasi fulani, dalali anakutajia zaidi na kinachozidi anakula yeye. Dawa yake ni moja tu, ofa iende kwa maandishi na kabla hujalipa chochote ukutane na mwenye nyumba au wakili wake, bei itajwe mbele ya wote.

Mkishaelewana, andikianeni. Mkataba useme kamisheni ni kiasi gani na nani analipa, unadumu muda gani, na ukitaka kuachana nae inakuwaje. Marekani tangu Agosti 17, 2024 madalali wengi inabidi wasainishane na mnunuzi mkataba wa maandishi wenye malipo yake wazi kabla hata ya kumtembeza kwenye nyumba, nadhani ni utaratibu mzuri hata pale ambapo sheria hailazimishi. Ila usisaini mwaka mzima kwa mtu usiyemjua, anza na miezi miwili au mitatu uone anavyofanya kazi.

Kuhusu kamisheni, watu wanasema dalali anataka bei ikae juu ili apate zaidi. Piga hesabu uone. Tuseme kamisheni ni asilimia 3. Bei ikishuka kwa asilimia 5, wewe umeokoa asilimia 5 nzima, yeye amepoteza asilimia 0.15 tu ya ile bei ya mwanzo. Hapo haumii sana. Kinachomuuma ni muda, yaani kukutembeza miezi minne badala ya mmoja, kwa hiyo hatari kubwa ya dalali mbaya ni haraka. "Kuna mwingine anakuja kesho na hela mkononi." Ukisikia hivyo mwambie sawa, aje, halafu endelea na ukaguzi wako. Inawezekana ni kweli na nyumba ikaenda, iache iende, kuliko kuuziwa mbuzi kwenye gunia ukalipa mkopo miaka 20.

Na wewe una kazi yako kabla hujampigia mtu yeyote. Nenda benki kwanza ujue watakukopesha kiasi gani, halafu toa pembeni hela ya kodi na ada za kuhamisha umiliki, wakili, mpimaji, fundi wa kukagua, na marekebisho ya mwanzo, kinachobaki ndo bajeti yako ya nyumba. Kisha mpe dalali karatasi yenye vitu vitatu ambavyo bila hivyo hununui, na vitatu ambavyo ukikosa utavumilia. Ukimwambia tu "nataka nyumba nzuri" atakuzungusha mji mzima na kosa sio lake.

Pia ujue anapoishia. Dalali sio wakili. Hati lazima ichunguzwe kwenye ofisi ya usajili wa ardhi na mtu anayejua, kuona jina la mmiliki ndo la huyo anayeuza, kama kuna rehani, zuio au kesi, na kama wenye haki wengine, mfano mwenza au warithi, wameridhia. Sio fundi pia, hata huyo mama yetu pamoja na mkono wake wa ukutani alituambia tulete mkaguzi wetu wa paa, nyaya na mabomba, tena akasema tutafute wenyewe, asituletee yeye. Na hela ya nyumba isipite kwenye akaunti binafsi ya dalali, hata kama mmeshakuwa kama ndugu. Ipite akaunti ya amana ya wakili au ya taasisi inayoruhusiwa kushika hela za wateja, na upewe risiti.

Kama unanunua kwa ndugu yako, bei mmekubaliana na nyumba umeikulia, huhitaji dalali, wakili na mkaguzi wanatosha.

Sisi tulikuja kununua nyumba ya saba. Mama aligundua muuzaji ana tarehe ya kuhama na hataki kuipitisha, akatushauri tusiombe punguzo kubwa bali tumwahidi kukamilisha kabla ya siku hiyo, na hela ya kutengeneza gata na mlango wa nyuma itoke kwake. Muuzaji akakubali siku ile ile. Mi mwenyewe ningekazana na bei tu, na nadhani tungeikosa.