Jinsi ya kujadili pointi 15 au 21 klabuni bila kugawanyika

Mjadala wa pointi ukiingia klabuni, jambo la kwanza ni kumwomba kila anayetaka mabadiliko aandike, kwa sentensi moja, tatizo analotaka liondoke. Si "mchezo utanoga", si "dunia inaelekea huko". Aandike tatizo lenyewe. Mimi ni katibu wa mechi wa klabu ya badmintoni hapa Mombasa. Tunakodi ukumbi wa shule wenye viwanja viwili, na hoja ya kucheza seti za pointi 15 badala ya 21 ilipoletwa nilikusanya karatasi hizo nikazisoma moja moja. Mmoja aliandika: "Nangoja zamu mpaka mwili unapoa." Mwingine: "Seti ya tatu joto linanimaliza." Wa tatu: "Vinyoya vinatugharimu sana," yaani vile vidude vya manyoya tunavyopigiana kwa raketi badala ya mpira.

Hawa watatu walikaa benchi moja wakiunga mkono hoja moja, kumbe kila mmoja ana lake. Anayelalamikia foleni anaweza kusaidiwa kesho bila kugusa mfumo wa pointi: mcheze seti moja ya 21, mtoke, wengine waingie. Anayelalamikia joto ana haki yake, maana badmintoni ya Pwani inachezwa madirisha yamefungwa na feni zimezimwa, la sivyo upepo unabeba kinyoya. Lakini pengine anachohitaji ni mapumziko marefu kati ya seti kuliko seti fupi. Wa vinyoya, hoja yake inapimika, na nitaifikia. Usipowatenganisha mapema, mtapiga kura wakubaliane, kisha wiki ya pili waanze kulaumiana kwamba mabadiliko hayakuleta kitu.

Hakikisheni mnazungumzia 15 ile ile

Hapa ndipo mijadala mingi ninayoijua inapoharibika. Wazee wetu wakisikia "15" nyuso zinang'aa, kwa sababu wao walikulia kwenye 15. Vijana nao wanaitaka 15 kwa sababu wameiona kwenye majaribio ya shirikisho la dunia, BWF. Wanapigiana makofi wakidhani wamekubaliana, na wanachokitaka ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kabla ya mwaka 2006, pointi alipata anayeanzisha tu, yaani anayepiga kinyoya cha kwanza. Ukishinda majibizano (kupigiana kinyoya mpaka mmoja akosee) wakati mwenzako ndiye aliyeanzisha, hukupata pointi. Ulipata haki ya kuanzisha. Wanawake wa mmoja mmoja walicheza hadi 11, wengine hadi 15, na seti ingeweza kukaa 6–6 muda mrefu huku watu wakinyang'anyana haki ya kuanzisha tu. Mwaka 2006 kila majibizano yakawa na pointi, seti ikawa 21. Tena katika mechi za wawili wawili, ile nafasi ya mwenzako kuanzisha baada yako kabla haki haijavuka wavu iliondolewa. Ni mabadiliko mawili kwa pigo moja, ndiyo maana mpaka leo ukimuuliza mzee kwa nini haipendi 21, mara nyingi utakuta anayemkera si 21. Anachokumbuka ni ule usalama wa kupoteza majibizano bila kupoteza pointi.

Kwa hiyo andika hoja ubaoni kwa ukamilifu wake, herufi kubwa, kabla mtu hajafungua mdomo. Mfumo uliojaribiwa mwaka 2025, ukiwemo kwenye mashindano ya dunia ya vijana kule Guwahati, India, ni huu: seti bora kati ya tatu, kila seti pointi 15, kila majibizano yana pointi, mapumziko mmoja akifika 8, mkifungana 14–14 anatakiwa mtu wa kuongoza kwa mbili, na kikomo ni 21, yaani wa kwanza kufika hapo ameshinda hata kwa pointi moja. Pembeni yake andika wa pointi 21: mapumziko kwenye 11, kufungana kwenye 20, kikomo 30. Mzee akiuona huo ubao atajua mwenyewe kama hiyo ndiyo 15 anayoikumbuka.

Msikubali mechi maarufu iwe shahidi pekee

Lazima atatokea mtu wa kuitaja fainali ya dunia ya 2017 kule Glasgow: Nozomi Okuhara dhidi ya P. V. Sindhu, 21–19, 20–22, 22–20, dakika 110. Atasema, mkikata seti mnaua mechi kama ile. Wa upande wa pili atajibu kwa nusu fainali ya wanawake wawili wawili ya ubingwa wa Asia 2016, ambapo Naoko Fukuman na Kurumi Yonao wa Japani waliwashinda Greysia Polii na Nitya Krishinda Maheswari wa Indonesia kwa dakika 161. Atauliza, huo ni mchezo au ni adhabu? Wote wawili wamesema kweli, na wote wawili wametaja siku ambazo hazitokei mara kwa mara. Waache waseme, kisha uwaombe wakuambie kuhusu Jumanne ya kawaida ukumbini kwenu.

Mfano mmoja lakini ninaupenda kwa sababu unafunza jinsi ya kuhesabu. Nusu fainali ya Olimpiki ya Paris 2024, Lakshya Sen wa India aliongoza seti ya pili 7–0 dhidi ya Viktor Axelsen wa Denmark. Axelsen akashinda seti ile 21–14. Watetezi wa 21 hukimbilia hapo: "Kwenye 15, hiyo 7–0 ingekuwa imeisha!" Ngoja kwanza, chukua kalamu. Baada ya 7–0, Axelsen alipata pointi 21 na Sen 7. Ni tatu kwa moja. Kwa mwendo huo huo, Axelsen anapofika 15, Sen ameongeza kama tano, yaani 15–12. Axelsen bado anashinda. Mechi inayoletwa kama ushahidi haithibitishi kile inachosemewa.

Ila usimruhusu na mwenye kalamu atambe sana. Mchezaji anayejua seti inaishia 15, akiwa mbele 7–0, hachezi kama yule anayejua bado kuna 14 mbele yake. Anakaza, anakataa hatari, anamlazimisha mwenzake akosee. Na anayefuata nyuma anaharakisha. Mfumo unabadilisha jinsi watu wanavyocheza, kwa hiyo huwezi kuchukua matokeo ya zamani ukayakata kwa mkasi na kudai ndivyo yangekuwa. Hili lisemwe wazi kikaoni, maana kila upande utajaribu mkasi huo.

Kuna na hofu ya kwamba seti fupi zinampa mnyonge ushindi wa bahati. Hofu hii ina msingi, ila ukubwa wake hutiwa chumvi. Chukua mchezaji anayeshinda majibizano 55 kati ya 100 dhidi ya mpinzani wake, na tuseme kila majibizano hayategemei yaliyotangulia. Kwa seti tatu za 21, atashinda mechi kama mara 84 kati ya 100. Kwa seti tatu za 15, kama mara 80. Tofauti ipo, na kwa mashindano ya kutafuta bingwa mimi naiona ni ya kujali, kwa sababu mchezaji bora amefanya kazi ya kuwa bora. Kwa usiku wa klabu sidhani kama inamuumiza mtu. Tenisi ya meza ilitoka 21 ikaenda 11 mwaka 2001, na wakali waliendelea kushinda.

Chezeni kwanza

Baada ya kikao cha kwanza msipige kura. Chezeni mifumo yote miwili kwa mwezi mmoja, jozi zile zile, ukumbi ule ule, zamu kwa zamu: wiki hii kiwanja cha mlangoni kinacheza 15 na cha jukwaani 21, wiki ijayo mnageuza. Mtu mmoja asiyecheza akae na daftari. Aandike saa ya kuanza na ya kumaliza kila mechi, vinyoya vilivyotupwa, na muda ambao kila mtu amekaa benchi. Karatasi ya pointi nayo ijazwe pointi kwa pointi, si matokeo ya mwisho tu, maana mengi ya kujifunza yako katikati.

Sisi daftari lilitufunza jambo ambalo hakuna aliyelisema kikaoni. Kwa hesabu ya haraka, seti ya 15 ni fupi kuliko ya 21 kwa kiasi kisichofika theluthi. Tulitazamia jioni nzima ipungue kiasi hicho. Haikupungua, kwa sababu mechi fupi zinaleta mabadilishano mengi zaidi: watu wanafunga kamba za viatu, wanakunywa maji, wanapasha viungo, wanagombania nani acheze na nani. Muda tuliouokoa ndani ya mistari ulikuwa unamwagika nje ya mistari. Dawa yake ilikuwa kuandika zamu ubaoni kabla ya saa kuanza, jozi inayofuata isimame wavuni raketi mkononi mechi ya mbele yao ikifika pointi 10. Vinyoya vilipungua kweli, kwa kila mechi. Ila kwa kuwa tulicheza mechi nyingi zaidi, bili ya mwezi ilibaki pale pale. Yule wa karatasi ya tatu alikubali mwenyewe kwamba hoja yake inahitaji suluhisho lingine, na sasa mazoezi ya kawaida tunatumia vinyoya vya plastiki, vya manyoya tunavihifadhia mechi.

Kitu cha kutazama kwa jicho la karibu ni mwanzo wa seti. Nilikaa nyuma ya kiwanja nikimtazama binti mmoja wa miaka 14 akicheza na mwanamke mzoefu. Pointi tano za kwanza zilimpita kabla hajaupata urefu wa mpigo wake: vinyoya viwili nje ya mstari wa nyuma, kimoja wavuni, viwili alivifikia vimechelewa. Kwenye 21 alipata muda wa kujirekebisha, akaanza kupiga juu na nyuma, akapoteza 21–17 akiwa anatabasamu. Kwenye 15, siku nyingine, makosa yale yale yalimkuta mapumziko ya 8 akiwa na pointi mbili, na baada ya hapo alikuwa anarusha tu. Kwa hilo mimi nimesimama upande wa 21 kwa mafunzo ya watoto, na nililisema kikaoni bila kuficha.

Nani aseme lini

Wapeni nafasi ya kwanza wanaocheza kidogo: wageni, watoto, kina mama wa Alhamisi. Mwalimu na wachezaji wa timu waseme mwisho. Mwalimu akishasema "naona 15 inafaa," hakuna kijana atakayesimama kumpinga hadharani, na mzee akishapinga, adabu itawanyamazisha wengine. Shikamoo zote zitolewe mlangoni, ila mpangilio wa kusema ufuate orodha. Mwenyekiti asiwe mtu aliyeleta hoja.

Kura

Mkubaliane idadi inayotakiwa kabla ya mtu wa kwanza kusema: nusu na mmoja, au theluthi mbili? Mwaka 2021 mkutano mkuu wa BWF ulipiga kura juu ya seti tano za pointi 11. Kura zilikuwa 282, waliounga mkono 187. Theluthi mbili ya 282 ni 188. Hoja ikaanguka kwa kura moja, na ilikuwa tayari imeanguka mwaka 2018. Fikiria kelele ambazo zingetokea kama kiwango kingekuwa kinajadiliwa baada ya kuhesabu.

Kura iwe ya siri, na pigeni moja kwa kila matumizi. Usiku wa klabu ni kura yake, ligi ya ndani ni kura yake, mafunzo ya watoto ni kura yake. Sisi tulitoka na 15 kwa usiku wa klabu na 21 kwa watoto, na kama tungeuliza swali moja kwa yote tusingefika huko. Hamhitaji ruhusa ya mtu kwa mechi zenu za ndani: sheria ya 7 ya mchezo wenyewe inasema mechi ni seti bora kati ya tatu isipokuwa ikipangwa vingine. Mkitoka kwenda mashindano, mnafuata mfumo wa mwandalizi, kwa hiyo timu ianze kuufanyia mazoezi mapema, angalau kwa wiki kadhaa.

Kwenye kumbukumbu za kikao aandikwe pia mtu wa kuchapisha karatasi mpya za pointi. Zile za zamani hazina alama ya mapumziko kwenye 8, na mwamuzi wa kujitolea akizitumia atawapumzisha watu kwenye 11 huku seti imebakiza pointi nne. Weka na tarehe ya kupitia uamuzi, miezi sita mbele, na jina la atakayelitunza daftari hadi siku hiyo.