Brekipointi ya maunzi au ya programu? Hatua kwa hatua kwenye Cortex-M

Wanaotoka kuandika programu za kompyuta na kuingia kwenye mikrokontrola huniuliza swali moja: mbona brekipointi ya saba (mahali unapoiagiza programu isimame) inakataa, wakati kwenye kompyuta waliweka hata hamsini? Jibu linategemea msimbo wako umekaa wapi. Hapa natumia GDB (dibaga, yaani programu ya kutafutia hitilafu) na OpenOCD (inayoiunganisha GDB na chipu) kwenye Cortex-M4, prosesa ya mikrokontrola. Vitufe vya IDE ni vizuri kwa macho, ila vinakuficha aina ya brekipointi iliyowekwa, na hilo ndilo jambo la kwanza unalohitaji kujua.

Hatua ya 1: Unganisha

Kompaili kwa `-Og -g3`, washa OpenOCD, kisha `target extended-remote :3333` na `load`. Kama unatumia wochidogi (saa inayoiwasha upya chipu programu ikikwama), iambie isimame prosesa inaposimama (kwenye STM32 ni biti ya DBG_IWDG_STOP), la sivyo chipu itajiwasha upya ungali unasoma rejista.

Hatua ya 2: Jua anwani ya fanksheni

    p &soma_kihisi

Kwenye STM32, anwani inayoanza na 0x08 ni flashi, na inayoanza na 0x20 ni RAM.

Brekipointi ya programu ni ujanja mwepesi: dibaga huondoa agizo lililopo, huweka BKPT (agizo la kusimama, 0xBE00) mahali pake, na huhifadhi lile la awali ili ilirudishe baadaye. Kwa RAM hilo ni rahisi. Flashi haikubali, kwa sababu lazima ifutwe sekta nzima kabla ya kuandikwa upya. Kwa hiyo msimbo wa kwenye flashi hutegemea brekipointi za maunzi, yaani vilinganishi vya anwani vilivyo ndani ya prosesa, katika kitengo kiitwacho FPB. Cortex-M3 na M4 huwa na sita kwa ajili ya maagizo, M0 haizidishi vinne, M7 haizidishi vinane, na mtengenezaji wa chipu anaweza kupunguza. J-Link (kifaa cha kudibagi) inaweza kukupa brekipointi bila kikomo kwa kuiandika upya flashi. Mimi siipendi njia hiyo: inachelewesha na inaichosha flashi.

Hatua ya 3: Weka

    hbreak soma_kihisi

Hata `break` ya kawaida itageuzwa kuwa ya maunzi kwenye flashi, kwa sababu OpenOCD huipa GDB ramani ya kumbukumbu. Bado nakushauri uandike `hbreak`, ujue unachotumia.

Hatua ya 4: Bakiza kilinganishi kimoja

GDB huziweka brekipointi unapoandika `continue`, si unapoziagiza, kwa hiyo hitilafu ya kuishiwa vilinganishi hujitokeza hapo. `finish`, na `next` inaporuka fanksheni, nazo huhitaji brekipointi ya muda. Fanksheni ambayo kompaila imeipachika sehemu tatu hula vilinganishi vitatu. Pale unapotaka kusimama mara moja tu, tumia `thbreak`, brekipointi ya maunzi inayojifuta ikishasimamisha.

Hatua ya 5: Msimbo unaoendeshwa kwenye RAM

Hapa ndipo saa za watu huishia, kwa hiyo soma polepole.

Tuseme `andika_flashi` umeipeleka RAM kupitia linka. Baiti zake huhifadhiwa kwenye flashi, na msimbo wa kuanzisha chipu huzinakili kwenda RAM kabla ya `main`. Sasa ukiandika `break andika_flashi` mara tu baada ya `load`, BKPT inawekwa RAM, chipu inaanza, unakili unapita juu yake, na BKPT inafutika. Hupati ujumbe wowote. `info breakpoints` bado inaionyesha, na fanksheni inapita kama vile hukuweka kitu.

Kuna baya zaidi. Prosesa ikisimama baadaye kwa sababu nyingine, GDB huomba brekipointi ziondolewe, na baiti mbili zilizohifadhiwa *kabla* ya unakili zinaweza kurudishwa juu ya msimbo mpya. Fanksheni yako imeharibiwa na dibaga yenyewe. Na kwa kuwa RAM hubaki na yaliyomo usipozima umeme, jaribio la pili bila kubadili msimbo linaweza kwenda sawa kabisa. Ukizima umeme au ukiongeza mstari mmoja, HardFault (hitilafu ya prosesa) inarudi, na unaanza kulaumu waya.

Usikimbilie `hbreak`: FPB ya M3 na M4 haioni anwani kuanzia 0x20000000 kwenda juu. (Ya M7 ni toleo jipya na inaweza.) Fanya hivi:

    thbreak main
    continue
    break andika_flashi
    continue

Na kabla ya kila `monitor reset halt`, izime kwa `disable`, kisha uiwashe tena ukifika `main`. Kwenye M7, zima pia kashe ya maagizo unapodibagi. Agizo la zamani linaweza kubaki humo na BKPT isionekane.

Hatua ya 6: Wochipointi

    watch -l kaunta

Wochipointi husimamisha prosesa kigeu kinapobadilika. Jibu liwe "Hardware watchpoint". Likiwa "Watchpoint" pekee, GDB itaendesha agizo moja moja, na utasubiri hadi uchoke. Kwenye M4 kitengo cha DWT hubeba zisizozidi nne. Prosesa husimama agizo moja au mawili baada ya tukio, kwa hiyo mkosaji yuko juu kidogo ya mstari unaoonyeshwa. DWT hufuatilia prosesa tu: kigeu kikibadilika na wochipointi ikanyamaza, kagua DMA (kitengo kinachohamisha data bila prosesa).

Hatua ya 7: BKPT ya kuandika mwenyewe

`__asm volatile("bkpt #0")` inafaa ndani ya assert. Bila dibaga, huishia HardFault. Kuanzia M3 kwenda juu, soma kwanza biti 0 ya DHCSR, rejista ya kudhibiti udibagi (0xE000EDF0). Ikiwa 1, dibaga ipo, na unaweza kuiita BKPT.